Jibu la Swali la Kumi na Nne

Jumatatu, 5 Julai 1971

Nimehamishwa! Si mbali — kutoka dirisha la kadi za wagonjwa hadi chumba cha nyuma cha hospitali, lakini kuhamishwa ni kuhamishwa. Mkubwa wa ofisi kaniita asubuhi. Kasema nina mwandiko unaosomeka, basi niende na daktari aliyekuja kutoka Dar es Salaam. Miezi mitatu.

Daktari anaitwa Mikaeli. Mwembamba, ana miwani, hasemi sana. Anatafuta kansa ya mdomo. Si kutibu tu — kuhesabu. Nani anaipata, anaishi wapi, ana umri gani, anakula nini, anavuta nini. Kaniambia, "Ndugu Thabiti, maradhi haya hayamwangukii mtu hivihivi kama nazi. Yana watu wake. Kazi yetu ni kujua ni watu gani." Kwa kila mgonjwa mmoja tutawauliza na wazima wawili wa umri wake, maswali yaleyale. Ndipo tofauti itaonekana. Sikuwahi kufikiri kwamba ugonjwa unaweza kuulizwa maswali.

Muuguzi ni Veronika, mtu wa Masasi. Dereva ni Shabani. Maswali ishirini na mawili kwa kila mtu, na ninayeandika ni mimi peke yangu.

Jioni nilipita Mikindani kumweleza mama. Kacheka mpaka tambuu aliyokuwa akitafuna ikataka kumtoka mdomoni. Eti serikali imemaliza magonjwa yote, sasa imebaki midomo?

Alhamisi, 8 Julai

Mpapura. Watu wengi, wamekaa chini ya mikorosho tangu alfajiri. Veronika na tochi, daktari na kioo kidogo cha kushikia mkononi, mimi na meza yangu pembeni ili mtu ajibu bila kusikiwa na wenzake.

Mgonjwa wa kwanza: mkulima, miaka kama sitini. Kafunika mdomo kwa kitambaa. Alipokitoa nilitazama pembeni — Mungu anisamehe. Mwaka mzima alidhani ni jino. Amekwisha kung'olewa meno mawili bure.

Swali la kumi na nne: huweka nini mdomoni, na upande gani? Kajibu ugoro. Hapa, kasema, akaweka kidole kwenye shavu la kushoto, chini. Donda liko shavu la kushoto, chini.

Nimeinua macho, nikakuta daktari ananitazama kutoka kule.  Alitaka kuona tu kama nimeandika.

Jumatatu, 12 Julai

Kitaya. Wanajeshi walitusimamisha mara mbili njiani. Barua yetu ya ruhusa ikasomwa, gari likapekuliwa, hata sanduku la vioo. Ng'ambo ya Ruvuma, kwenye vita vya Wareno, kulikuwa na mshindo — mmoja, kimya, kisha miwili. Watu wa pale hawakugeuza hata shingo. Mimi niliinama chini ya meza.

Waliletwa wanawake wawili. Mmoja ana ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu kama mabibi wengi wa Kimakonde. Kijiji kizima kinasema ndiyo iliyomletea donda. Mumewe hataki hata hilo. Kanisogelea mezani: "Karani, andika amelogwa. Weka hapo nione." Nikamwambia fomu haina mahali pa kuandika hivyo. Akakasirika kweli.

Daktari kamchungulia yule mama kwa subira. Mdomo wa juu mzima kabisa. Donda liko ndani ya shavu, karibu na fizi. Huweka tumbaku hapo tangu alipozaa mtoto wa kwanza.

Garini Shabani kasema basi jibu limepatikana, turudi nyumbani. Daktari kakataa. Kasema wazima pia wapo wanaoweka tumbaku, na hawana kitu. Si kila atafunaye ataugua. Lazima tuhesabu pande zote mbili ndipo tuseme.

Nimehesabu mwenyewe. Wagonjwa tisa mpaka leo. Wanane, swali la kumi na nne: ndiyo. Wazima kumi na wanane. Ndiyo: watano tu.

Ijumaa, 16 Julai

Baada ya sala nimekula kwa mama. Jumanne tunakuja Mikindani na daktari — sijamwambia.

Nilikaa barazani nikamtazama akifanya kazi. Nimemwona hivyo tangu nina akili, lakini leo niliona kama mgeni. Jani la mtambuu kwenye kiganja. Chokaa kidogo, kwa ncha ya kidole. Popoo, ile kokwa ngumu, iliyokatwa nyembamba kama ukucha. Kisha tumbaku. Anaifinya, anaikunja, inakaa kama bahasha. Hakuna harusi ya Mikindani bila mkono wa mama, Bi Mwanakombo. Baba alipokufa, ni mkono huo ulionipeleka skuli na kuninunulia viatu. Watu humpa heshima — si muuzaji tu. Wakati wa msiba huitwa, wakati wa posa huitwa.

Nikamwuliza habari za Bi Fauzia, somo yake na rafiki yake wa siku nyingi, mbona simwoni siku hizi. Kasema haji tena, anaumwa meno. Hawezi kutafuna. Hata uji unampa taabu.

Nikasogeza sahani. Kaniuliza mbona sili, mchuzi mbaya? Nikasema nimeshiba.

Jumanne, 20 Julai

Nimefanya jambo.

Andika, Thabiti. Usipoandika hapa utaandika wapi.

Mikindani, watu sabini na mbili. Wagonjwa watatu. Mmoja Bi Fauzia. Wa pili Mzee Bakari, fundi cherehani aliyenishonea kanzu yangu ya kwanza. Wa tatu mjane, Mwasiti, hajafika hata miaka hamsini. Daktari na Veronika walikuwa ndani na taa. Mimi na meza yangu ukumbini, peke yangu na kila mmoja.

Bi Fauzia hawezi kufungua kinywa zaidi ya kidole kimoja. Nikauliza swali la kumi na nne. Kanitazama kama anayemtazama mtoto mpumbavu. "Tambuu na tumbaku, mwanangu. Ya mama yako. Kwani kuna nyingine?"

Mzee Bakari: ya mama yako.

Mwasiti: ya Bi Mwanakombo, miaka ishirini.

Walisema kwa fahari! Kana kwamba wananisifia mama yangu.

Nikaandika Hapana. Mara tatu. Mkono haukutikisika — hilo ndilo linalonitisha. Mwandiko mzuri, unaosomeka.

Jumatano, 21 Julai

Fomu tatu katika kazi ya miezi mitatu. Haziwezi kubadilisha hesabu. Daktari ana Mpapura, ana Kitaya, atakuwa na vijiji vingine. Atapata jibu lake lilelile. Na mama hatanyooshewa kidole. Nani ameumia?

Nimejiuliza mara nne sasa.

Jumatatu, 26 Julai

Daktari kazitandaza fomu zote juu ya meza mbili leo. Kaziweka mafungu mafungu, wagonjwa huku, wazima huku, wenye mabaka meupe ya kusubiriwa katikati, kila kijiji na mahali pake. Kisha akasimama muda mrefu mbele ya fungu la Mikindani.

Kamwita Veronika, kaniita na mimi. Kasema Mikindani inamshangaza. Kila mahali ugonjwa unafuata tumbaku — Mikindani wagonjwa watatu, na hakuna hata mmoja anayetumia. Watatu katika mtaa mmoja! Na wazima wa hapohapo wengi wanatafuna. Mambo yamegeuka juu chini.

Veronika kasema yeye aliona meno mekundu, ya watafuna tambuu.  Daktari kamwuliza ana hakika ni ya nani. Kasema watu walikuwa wengi, taa ilikuwa hafifu, hana hakika.

Kisha daktari kasema maneno ambayo sikuyatarajia kabisa. Pengine Mikindani kuna kitu kingine. Watatu wote wanachota kisima kimoja — ndivyo walivyojibu swali la saba. Kesho kutwa atakwenda kuchukua maji yapimwe.

Ningeweza kusema palepale.  Nikasema, "Ndiyo, Daktari, nitaandaa chupa."

Jumatano, 28 Julai

Tumechukua maji. Chupa sita. Daktari hakumwambia mtu kitu, lakini mtu mwenye miwani akiinama kisimani na chupa sita, watu watasema nini? Tulipokuwa tunaondoka, mwanamke mmoja alimwaga ndoo yake chini.

Ijumaa, 30 Julai

Yamekuwa makubwa.

Nilipofika Mikindani nilikuta wanawake wanatoka kuchota mbali kabisa, ndoo kichwani, watoto wanalia nyuma. Kisima kina sumu, wanasema. Daktari wa serikali kagundua. Ndiyo inayowaozesha watu midomo.

Na sumu ina mwenyewe tayari. Mussa. Mkimbizi, kavuka Ruvuma na mkewe miaka mitano iliyopita. Husafisha visima, ndiyo kazi anayoijua. Mwezi wa tano alishuka katika kile kisima, akatoa tope siku tatu. Kila mtu alimshukuru, mama alimpelekea wali. Sasa wanasema alitumwa na Wareno. Mtu mmoja kasema alimwona na kichupa. Mwingine kasema vichupa viwili.

Jana walimvunjia mlango. Mkewe kapigwa jiwe begani. Balozi wa nyumba kumi kawachukua wote wawili, kawaweka kwake, kasimama mlangoni na panga lake mwenyewe. Mzee wa miaka sitini na tano!

Nimerudi mjini bila kula. Shabani kanikuta njiani, kasema mbona nina uso wa mgonjwa.

Jumamosi, 31 Julai

Nimemwambia mama.

Nilikwenda saa nne asubuhi. Alikuwa akisimulia habari za Mussa, na kwamba haamini, kijana yule hawezi kudhuru hata kuku. Nikamwambia, "Mama, kisima hakina kitu. Mimi ndiye niliyekitia sumu." Akadhani nimepandwa na homa, akanishika paji la uso.

Nikasema yote. Swali, majibu, Hapana tatu.

 Alitema tambuu kwenye kikopo, akajifuta midomo na upindo wa kanga. Kisha:

"Fauzia kakwambia ni tambuu yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Nawe ukaandika hatafuni."

"Nilitaka kukuficha."

"Kunificha na nani? Mimi nauzia uvunguni? Nauza barazani, Thabiti, mchana kweupe, mtu apitaye anisalimie. Umenificha umenifanya mwizi."

Nikasema watu wangekuja kumlaumu. Wangesema kawaua.

"Na Mussa? Yeye akilaumiwa si mtu?"

 

Kisha sauti yake ikashuka. Kauliza kama Fauzia atapona. Nikasema daktari anataka kumpeleka Dar es Salaam, lakini donda limekwenda mbali. Kauliza, ni kweli tumbaku? Nikamweleza kama daktari alivyotueleza — si kila atafunaye huugua, lakini wanaougua, karibu wote hutafuna. Nikamtajia hesabu. Wanane katika tisa. Watano katika kumi na wanane. Mama hakusoma, lakini hesabu anaijua kuliko mimi. Alitazama kijamanda chake cha uraibu, chenye tambuu na tumbaku, muda mrefu.

"Nimempa kwa mkono wangu," kasema. "Siku ya harusi yake nilimpa ya kwanza."

Nikaona ulimi wake unatembea ndani ya shavu la kulia. Unakwenda, unarudi.

"Una nini hapo, mama?"

"Hapaumi."

"Nionyeshe."

Akakataa. Kisha akakubali. Nilifungua dirisha, nikamgeuza kwenye mwanga. Baka jeupe, upana wa ukucha wa dole gumba, limekauka kama ukoko wa uji. Na katikati yake pamechubuka, pekundu.

Mimi si daktari. Nimefanya kazi na Veronika wiki nne tu. Lakini nimeandika mabaka kama hayo kumi na moja, na najua fungu alilokuwa akiyaweka daktari. Si la wagonjwa. Si la wazima.

Jumapili, 1 Agosti

Daktari kaenda Ndanda. Anarudi kesho asubuhi.

Mama hajatafuna tangu jana. Kichwa kinamwuma, mikono inahangaika, imekunja na kukunjua kanga hiyohiyo. Watu wawili walikuja barazani kutaka tambuu. Kawaambia hakuna. Wakauliza kesho? Kasema hakuna.

Jumatatu, 2 Agosti

Nilimngoja daktari mlangoni kabla hajashusha mkoba. Nilitaka kuanza na maneno niliyoyapanga, yakapotea yote. Nikasema tu: "Fomu tatu za Mikindani, swali la kumi na nne, nimeandika uongo. Wote watatu wanatafuna tambuu na tumbaku. Anayewauzia ni mama yangu."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivua miwani, akakaa.

Kauliza kama kuna nyingine. Nikasema hakuna, wallahi. Kasema sasa atalazimika kurudia maswali ya Mikindani yote, na Mpapura, na Kitaya, kwa sababu hawezi kujua. Neno langu halitoshi tena. Kasema pia, bila uongo huo, maji ya kisima yasingechotwa.  Nadhani naye alikuwa anamfikiria Mussa. Kasema na yeye alikosea, alikwenda na chupa mchana mbele ya watu bila kuwaeleza.

Kisha akaniletea zile fomu. Nilichukua kifutio. Akanishika mkono.

"Usifute. Piga mstari mmoja, uliloandika lionekane. Andika jibu la kweli juu yake. Weka jina lako na tarehe."

Nimefanya hivyo mara tatu. Mara hii mwandiko haukusomeka vizuri.

Ataandika barua kwa mkubwa wa ofisi. Najua maana yake. Sikumwomba asiandike.

Alasiri mama alikuja mwenyewe, Shabani kamleta. Alivaa buibui lake la Idi. Hakukubali nimwandikie fomu. Kamwambia Veronika amwandike yeye. Nilisimama nje ya pazia, nikamsikia akijibu kwa sauti ya barazani, kama anamtajia mtu bei: tumbaku, ndiyo, tangu nina miaka kumi na minne, shavu la kulia, ndiyo, nauza, ndiyo, andika na hilo.

Daktari atamkata kinyama kidogo Alhamisi, kiende Dar es Salaam chini ya darubini. Jibu ni wiki tatu, pengine tano. Kamwambia mama ukweli: huenda ni baka tu litakalopungua akiacha, huenda limekwisha kuanza. Kwa macho hawezi kusema.

Mama kasema sawa. Kisha kasema hayo ni ya Alhamisi. Kesho iko habari ya Mussa.

Jumanne, 3 Agosti

Naandika garini, Mikindani, nje ya nyumba ya balozi. Saa tisa na nusu.

Balozi kaita watu. Wamejaa — uwanja, barabara, mpaka ukuta wa skuli. Wanaume mbele, wengine wameshika fimbo, wanasema ni za kutembelea. Hakuna anayecheka. Daktari kataka aeleze yeye. Balozi kamwambia kwa adabu kwamba watu wamekwisha kumwona daktari na chupa, sasa hawasikii zaidi ya chupa. Lazima aseme yule aliyeandika. Daktari kanigeukia, kasema hanilazimishi.

Nimesema nitasema. Nimeomba dakika tano nikae peke yangu. Ndizo hizi.

Nitaanzaje? Nikisema kisima ni safi, watauliza basi ni nini. Nikisema ni nini, kila mtu hapa ana tambuu ya mama mfukoni au mdomoni. Mzee Bakari amekaa mstari wa mbele kafunika shavu. Ndugu zake wako nyuma yake, wanne. Bi Fauzia kaletwa kwa kitanda cha kamba, na mama amekaa chini pembeni yake, kamshika mguu. Sijui wamezungumza nini wale wawili. Nilipowapita hawakunitazama.

Wamemtoa Mussa. Yuko kizingitini, mkewe nyuma yake, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Kelele zimepanda. Mtu kasema muuaji huyo. Balozi kainua mkono, hawanyamazi.

Shabani anagonga kioo. Naitwa.

 Nimefungua mlango, nimekaa na mguu mmoja nje, na bado naandika — mwoga mimi!

Mama amesimama. Kajitanda upya, kapita katikati ya wanaume, wanampisha kwa mazoea kama wanavyompisha kila siku. Amefika pale alipo Mussa, amegeuka, anawatazama. Uwanja umenyamaza wote.

Ananitafuta kwa macho. Hapana — hanitafuti. Anaanza kusema bila mimi.